Misumari 13 Kwenye Majivu: Somo kwa Kijana Mwalimu Mwenye Kipaji

Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 35:20-35, Kutoka 38:8, Marko 6:1-3

 

Somo la leo ni la vijana wote, ila nalielekeza zaidi kwako wewe uliyemaliza chuo cha ualimu ukapangiwa shule huko Bahi, Kongwa, Chemba au Mpwapwa, na ndani yako kuna kitu kingine kinachokusumbua. Unachora. Unachonga. Unafinyanga au unatunga nyimbo. Jioni, baada ya kusahihisha rundo la madaftari, unajiuliza: hivi mimi nimezikwa huku? Hela ya rangi haipo, duka la vifaa liko mjini, na muda wote umemezwa na azimio la kazi, andalio la somo na zamu. Kipaji unakiona kinaota kutu.

Wengine wanaomba uhamisho, wengine wanaacha kabisa. Wengine wanabaki, lakini wanabaki na uchungu, na uchungu huo unawaangukia watoto. Hili la mwisho nalijua, maana limenikuta mimi mwenyewe. Chukua Biblia yako, soma hayo masomo matatu, kisha turudi hapa.

*1. Kosa langu*

Mwaka huu wa kichungaji nimetumwa kufundisha katika shule moja ya bweni hapa kanda ya kati. Nilifika nikiwa na shahada ya falsafa mkononi na, nakiri, kichwani pia. Katika kipindi cha dini cha kidato cha tatu tulikuwa kwenye uumbaji, nikaona niwape zile sababu nne za Aristotle. Nikatumia mfano uleule niliofundishiwa mimi: sanamu ya shaba. Shaba ni mada. Sura ya shujaa ni umbo. Mchongaji ni mtendaji. Kumkumbuka shujaa ni lengo. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Frateri!" Wewe unayefundisha unaijua hiyo "ndiyo" ina maana gani.

Jioni hiyohiyo nilikuwa mwalimu wa zamu. Prepo imetulia kabisa, mara nikasikia nyuma ya darasa: ti-ting, ti-ting. Nikaenda. Kijana mmoja alikuwa na kitu chini ya dawati: kibao kimefungwa kwa waya juu ya kopo la samaki, na juu ya kibao misumari 13 iliyopondwa ikawa bapa, imepangwa mirefu na mifupi. Mimi nilikuwa nimechoka. Nikakichukua, nikasema mbele ya wenzake, "Takataka kama hizi ndizo ulizokuja kusomea?" Darasa likacheka. Yeye alisema tu, "Samahani, Frateri." Nikaenda kukitupa kwenye shimo la taka. Jumamosi taka zikachomwa moto kama kawaida.

Baada ya wiki mbili, paroko alinichukua kwenda kigango kimoja cha mbali. Kanisa la tofali za kuchoma, kinanda hakuna. Kwaya ina ngoma na makofi, na wanaimba vizuri ajabu. Baada ya Misa katekista, mzee wa makamo ya babu yangu, akanishika mkono. "Frateri, mjukuu wangu yuko hapo shuleni kwenu. Alituahidi ilimba kwa ajili ya Kristo Mfalme. Amefikia wapi?"

Nikamjibu, "Anaendelea vizuri, Babu."

Yaani nilikuwa nimeshachoma sadaka ya kanisa zima, na sasa nikaongeza uongo juu yake. Njiani kurudi sikusema neno. Ndipo nikaanza kuisoma upya Kutoka 35.

*2. Bezaleli: fundi aliyepewa na kufundisha*

Wengi tunamjua Musa na Haruni. Bezaleli tunampita haraka, kwa sababu sura zake zimejaa vipimo, mapazia na vikuku vya kuchomekea miti. Lakini angalia vizuri. Mungu anapotaka Hema la Kukutania, anamwita kwa jina lake Bezaleli wa kabila la Yuda, anamjaza roho yake, na alama ya kujazwa huko ni nini? Si unabii, wala si vita. Ni ustadi wa kuchonga, kufuma, kukata mawe na kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba.

Halafu nenda aya ya 34. Hapo Maandiko yanaongeza jambo ambalo mimi nilikuwa sijaliona: Mungu alimtia Bezaleli moyoni kipawa cha kufundisha, yeye pamoja na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani. Kwa hiyo karama mbili, kutengeneza na kufundisha, ziliwekwa katika moyo mmoja, siku moja, kwa kazi moja. Wewe unayedhani ualimu umekuibia sanaa yako, simama hapo kidogo. Kwa Bezaleli moja haikuwa kikwazo cha nyingine. Hema lilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilihitaji mwalimu.

Je, vifaa vilitoka wapi? Soma tena. Walikuwa jangwani, hawana duka. Watu walileta walichonacho. Wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao, pamoja na manyoya ya mbuzi. Birika la shaba la kunawia makuhani lilitengenezwa kutokana na vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa Hema, kwa sababu enzi hizo kioo kilikuwa shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Kitu cha kujitazamia uso asubuhi kikawa chombo cha ibada. Na Sanduku la Agano lenyewe, ndani ya ile dhahabu, lilikuwa mbao za mshita. Mshita ni jamii ya migunga, miti ya miiba inayovumilia ukame, kama hii inayotuchana nguo tukikatisha pori la Ugogo. Dhahabu ilifunika, lakini kilichobeba uzito kilikuwa mti wa nyika.

Mtakatifu Yohane Paulo II aligusa jambo hili katika Barua kwa Wasanii, aliyoiandika Pasaka ya mwaka 1999. Alitofautisha Muumba na fundi. Muumba anaumba pasipo kitu chochote. Fundi anachukua kitu ambacho tayari kipo, anakipa umbo na maana. Sasa fuata hoja hii hadi mwisho wake. Kuanza bila kitu ni kwa Mungu peke yake. Sisi wengine wote tunaanza na kilichopo. Kwa hiyo "nitaanza nikipata vifaa" mara nyingi si unyenyekevu. Ni kusahau kwamba sisi ni viumbe.

*3. Mgogo aliyefundisha Bagamoyo*

Tusibaki jangwa la Sinai. Katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, alizaliwa Hukwe Ubi Zawose. Alikulia katika muziki wa Wagogo: zeze, ngoma, sauti zinazopishana, na ilimba, ambayo Waswahili wengine huiita marimba ya mkono. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, Zawose akawa miongoni mwa walimu wake. Bagamoyo, mji ambao misafara ya zamani ilitokea ikikatisha nchi ya Wagogo kwa miguu, sasa ukampokea Mgogo aje kufundisha.

Simtaji hapa kama mtakatifu wa altare. Namtaja kama mwalimu aliyekuwa fundi. Dunia ilimsikia. Albamu yake ya *Chibite* ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1996. Mwaka 2002 ikaja *Assembly*, aliyoifanya na Michael Brook. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Lakini mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita Zawose Queens, walitoa albamu yao, *Maisha*. Zamani katika familia nyingi za Wagogo mwanamke alijulikana kwa ngoma za muheme, na ilimba ilikuwa ya wanaume. Hiyo ndiyo dalili ya mwalimu wa kweli: alichokifundisha kinafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika.

Na hiyo ilimba imetengenezwa kwa nini? Sanduku la mbao. Ndimi za chuma, mara nyingi misumari iliyopondwa, spoku za baiskeli au vyuma vya mwavuli mbovu. Ulimi ukiuvuta mbele ukawa mrefu, sauti inakuwa nzito. Ukiurudisha nyuma ukawa mfupi, sauti inapanda. Ile sauti yake ya kuvuma kama nyuki inatoka kwenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba ambao buibui amefunikia mayai yake. Utando wa buibui, jamani! Kitu tunachokifagia kila Jumamosi.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Katika ilimba za Wagogo baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa. Zinakaa tu. Jirani yake akipigwa, nazo zinatetema zenyewe, na utamu wa sauti unaongezeka. Darasani kwako unao vijana wa namna hiyo. Hawanyooshi mkono. Ukimgusa vizuri mmoja, wanne wengine wanatetema ndani kwa ndani. Na ukimwaibisha mmoja, wanne wananyamaza pia. Baada ya usiku ule wa prepo, kona nzima ya nyuma ilikuwa haiulizi maswali katika kipindi changu, nami nilidhani ni utulivu.

Kanisa nalo lilishatuelekeza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 119, unataka muziki wa asili wa watu wetu uthaminiwe, na wanaotumwa kwao waandaliwe kuukuza katika ibada na katika shule. Nilikuwa nimeisoma hati hiyo kwa ajili ya mtihani. Nilipata alama nzuri.

*4. Falsafa iliyokuwa chini ya dawati*

Turudi kwenye zile sababu nne. Mada: misumari, kibao, kopo. Umbo: mpangilio wa mirefu na mifupi unaozaa sauti. Mtendaji: kijana wa kidato cha tatu. Lengo: kumtukuza Kristo Mfalme katika kigango kisicho na kinanda. Kila kitu nilichotaka kufundisha kilikuwa kinalia ti-ting pale nyuma, nami nilikuwa mbele nikiwaeleza habari za sanamu ya shaba ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anamlinganisha mwalimu na daktari. Daktari haingizi afya mwilini kama mtu anayemimina maji kwenye ndoo. Anaisaidia nguvu ya kupona iliyomo tayari. Vivyo hivyo mwalimu anaisaidia nuru ya akili ambayo Mungu ameshaiwasha ndani ya mwanafunzi. Ukikubali hilo, utaona ualimu na sanaa ya vitu vya kawaida vinahitaji jicho la aina moja. Fundi anauona ulimi wa ilimba ndani ya msumari uliopinda. Mwalimu anamwona mtu mzima ndani ya mtoto mtundu. Na anayezoea kuita vitu takataka, siku moja atawaita hivyo hata watu. Mimi ilinichukua sekunde moja tu.

Wala wenzetu wa uwanda huu hawakungoja dirisha la kuagizia rangi. Nenda Kolo, wilayani Kondoa. Michoro ile ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ilichorwa kwa rangi zilizotoka ardhini. Wekundu ule ni mawe yenye chuma, yaliyosagwa. Ardhi yetu ilishakuwa ubao wa kuchorea kabla hatujajua chaki.

*5. Mambo matatu ya kushika*

*Kwanza, anza na kilichopo.* Dodoma hatuna uhaba wa rangi. Tuna udongo mwekundu, udongo mweusi wa mbugani, mkaa na majivu. Saga udongo, uchekeche kwa kitambaa, uchanganye na uji mzito wa unga wa ngano uliopoa. Hiyo ni rangi. Pika kidogo kidogo, maana uji ukilala siku mbili unachacha na kunuka. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji inachoreka vizuri ukiikung'uta nje na kuifuta kwa kitambaa chenye maji. Mabua ya mtama yanajenga nyumba na magari ya mfano. Vifuniko vya soda vikitobolewa na kufungwa kwenye waya ni njuga tayari. Angalizo: unga mweusi wa betri chakavu, ambao tangu zamani watu wameupakia ubao, waache watoto wasiuguse, si salama. Na makopo yapondwe kingo kabla hayajaingia darasani.

*Pili, usijenge ukuta kati ya darasa na karakana.* Chuoni ulifundishwa kufaragua zana za kufundishia. Wengi tunafaragua siku ya ukaguzi tu. Fanya kufaragua kuwe ndiyo sanaa yako. Kitu kimoja kizuri ulichokitengeneza kwa moyo kinafundisha fizikia ya sauti Jumatatu, historia Jumatano, na Jumapili kinaimba kanisani. Hapo hutakuwa na kazi mbili zinazogombania usiku wako.

*Tatu, mheshimu fundi aliyekutangulia, hata kama ana miaka 15.* Bezaleli hakufanya peke yake. Muulize mtoto, "Hiki umekitengenezaje?" kabla hujamuuliza, "Hiki umekileta kwa nini?"

Lakini tusidanganyane. Uhaba si fadhila. Kusema kwamba Mungu hutumia vitu duni si ruhusa ya kumwacha mtoto asome bila kitabu wala dawati, wala si kisingizio cha mwenye wajibu wa kununua chaki kutoinunua. Dai kilicho haki ya watoto, tena kwa adabu na kwa maandishi. Ila wakati unadai, mikono isikae bure.

*6. Jinsi ilivyokwisha*

Jumatatu baada ya kurudi kigangoni niliingia kwenye shimo la taka. Kibao kilikuwa kimekwisha. Kopo limejikunja. Nikachakura majivu kwa kijiti, nikapata misumari 9 kati ya 13. Nikaisafisha, nikamwita yule kijana nje ya ofisi ya walimu. Nilimwambia, "Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu. Nitaomba msamaha palepale darasani. Na ukikubali, nifundishe kutengeneza."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua msumari mmoja, akaupinda kidogo kwa vidole. "Hii imelainika, Frateri. Imepoa polepole kwenye majivu. Lazima igongwe upya ndiyo ilie."

Basi tukagonga. Yeye aligonga, mimi nilishika jiwe, na kidole gumba changu kina ushahidi. Kibao kilitoka kwenye kreti bovu la soda. Misumari minne mipya nilinunua mimi. Darasani niliomba msamaha kama nilivyoahidi. Kwa wiki kadhaa alikuwa anaipiga mimi nikiwa sipo, na nikitokea ananyamaza. Sikumlaumu. Kuaminiwa tena nako kunagongwa polepole. Kwa Babu katekista nilirudi kukiri uongo wangu, alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Nilijua, Frateri. Uso wako ulikuwa haujafunzwa kudanganya."

Sherehe ya Kristo Mfalme ilimba ililia katika kigango kile wakati wa kutoa vipaji. Ndimi 13, 9 kati yake zimepita motoni. Nilikaa nyuma kabisa, nikasikiliza.

*Maswali ya kujitafakari*

1. Ni kitu gani katika mazingira yangu ya kazi nimekuwa nikikiita takataka? Je, kuna mtu ambaye nimemwita hivyo, kwa neno au kwa jicho?
2. Kipaji changu nakichukulia kama njia ya kuukimbia wito wangu, au kama sehemu ya wito huo?
3. Ni mwanafunzi gani, mdogo wangu au jirani anayeweza kunifundisha kitu mwezi huu? Nimewahi kumuomba?

*Zoezi la wiki*

Chagua kitu kimoja kilichotupwa. Kitengeneze kuwa kitu cha kufundishia au cha kusalia, ukiwa na mtoto mmoja pembeni yako, na mwache yeye aamue angalau jambo moja. Jumapili kipeleke kanisani, ukikitoe moyoni mwako pamoja na mkate na divai, ambavyo navyo ni matunda ya ardhi na kazi ya mikono.

*Sala*

Ee Bwana Yesu, uliyeitwa seremala na watu wa kijiji chako wakakudharau kwa ajili hiyo, bariki mikono yetu. Utupe jicho la kuona unachokiona wewe katika vitu vidogo na katika watu wadogo. Tulichokichoma kwa haraka yetu, tusaidie kukitafuta kwenye majivu. Utufanye mafundi wanaofundisha na walimu wasioona aibu kufundishwa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.